Zombi analala? Mwongozo kamili kwa mwandishi wa hadithi za kutisha

Swali hili humkamata mwandishi akiwa tayari sura ya tatu. Mashujaa wamejifungia ghorofani, nje kuna mazombi mia mbili, jua linazama. Wale wa nje nao watapumzika? Akijibu harakaharaka kwamba hawalali, sura ya tisa itamdai: imekuwaje basi familia inayotembea kwa miguu, inayopika na kulala njiani, ikawatangulia viumbe wasiosimama? Akijibu kwamba wanalala, msomaji atauliza kwa nini mashujaa hawakuwamaliza wakiwa wamejilaza.

Kazi hii hufanywa kabla ya kuandika. Chukua karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu. Kwa jioni moja utakuwa umemaliza.

Hatua ya 1: Mfu, mgonjwa au mateka?

Andika neno moja kati ya hayo matatu juu ya karatasi. Mengine yote yanalifuata.

Mfu ni yule ambaye moyo umesimama kabisa. Huyu ana tatizo kubwa kuliko usingizi. Msuli hutumia ATP, ile sarafu ya nishati ndani ya seli, kwa kukaza na pia kwa kulegea. Ndiyo sababu maiti hukakamaa: ATP ikiisha, nyuzi za msuli hushikana na hakuna cha kuziachanisha. Hali hiyo huanza ndani ya saa 2 hadi 6 baada ya kifo, hufika kilele kwenye saa 12 hivi, kisha mwili hulegea siku ya pili au ya tatu kwa sababu nyama zenyewe zimeanza kuharibika. Kwenye joto la Pwani mambo huenda mbio zaidi. Kwa hiyo mfu halisi angekuwa gogo kabla siku haijaisha.

Akitembea, basi ama kuna kitu kinamtengenezea nishati, na hapo mhamishie kwa wagonjwa, ama anaendeshwa na uchawi. Wa uchawi hahitaji usingizi, lakini lazima umwekee mpaka: hutoka usiku tu, husimama akionja chumvi, hutii sauti ya mtu mmoja. Kiumbe asiye na mpaka wowote hutisha kurasa kumi, baada ya hapo anachosha.

Mgonjwa ni mtu hai ambaye ubongo wake umevamiwa na kirusi, kuvu au kimelea. Yeye ndiye mwenye hesabu nyingi, na hatua ya 3 na ya 4 zinamhusu yeye hasa.

Mateka ndiye zombi wa asili. Imani ya zombi ilikomaa kwa watumwa wa mashamba ya miwa katika koloni la Wafaransa lililokuja kuwa Haiti mwaka 1804. Watu hawakuogopa kuliwa na zombi. Waliogopa kufanywa zombi: ufe, na bado uamshwe ukalime. Msukule wetu anafanana naye kama pacha, ingawa hawakuzaliwa nyumba moja. Kwa masimulizi yanayojulikana Tanzania, kilichozikwa ni mgomba, mwenyewe amefichwa, amekatwa ulimi, analishwa pumba, usiku anapelekwa shambani na mchana anarudishwa mafichoni. Kwa msukule swali ni kama *anaruhusiwa* kulala. Ukiandika juu yake, mpe deni la usingizi: jembe linaloshuka polepole, kichwa kinachodondoka katikati ya tuta, mwili unaoendelea kulima wakati macho yamefumba. Hilo linaumiza zaidi ya damu.

Onyo moja kuhusu msukule. Usitumie macho mekundu kama alama ya anayekesha kwa uchawi. Huko Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, na wekundu huo mara nyingi ulitokana na miaka ya kupikia moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Alama nyingine zipo tele, tumia hizo. Wala usitaje kijiji cha kweli.

Hatua ya 2: Pima kama huo ni usingizi kweli

Waandishi wengi huandika "alilala" wakimaanisha kusimama tu bila kufanya kitu. Watafiti wa wanyama hutumia vipimo vinne, navyo vinafaa kwa zombi vilevile. Kwanza, kiumbe ametulia, tena mara nyingi kwa mkao maalumu. Pili, inahitajika kelele kubwa kuliko kawaida kumshtua. Tatu, akishtuliwa vya kutosha anaamka upesi, tofauti na aliyezimia. Nne, akinyimwa usingizi leo, kesho atalala zaidi ili kulipa.

Kipimo cha nne ndicho kinachosahauliwa, na ndicho chenye faida kubwa kwa hadithi. Kama mazombi wako wana deni la usingizi, mashujaa wanaweza kuwakesheza kwa ngoma na king'ora usiku mbili mfululizo, kisha wapite usiku wa tatu. Kama hawana deni, wanazubaa tu, na mbinu hiyo itawaua mashujaa. Amua, uandike.

Kiswahili kimekupa ngazi za kutosha, zitumie kwa makini. Anayezubaa yuko macho lakini hayuko. Anayesinzia kichwa kinashuka na kupanda. Mwenye usingizi wa mang'amung'amu anasikia nusu ya mlango ukifunguliwa. Mwenye usingizi wa pono hasikii kitu. (Pono mwenyewe anastahili sifa hiyo: baadhi ya jamii zake hujifunika usiku kwa mfuko wa ute na kubaki humo mpaka asubuhi. Zombi wa baharini anayelala ndani ya ute? Bado hatujachelewa.)

Sasa hoja inayorudiwa kila mahali: "ubongo wake umekufa, kwa hiyo hahitaji kulala." Ni hoja dhaifu. Mwaka 2017 ilithibitishwa kwamba konyeza wa jamii ya Cassiopea, yule anayekaa kichwachini kwenye maji ya kina kifupi, hupita vipimo hivyo. Usiku mapigo ya mwili wake hupungua kwa karibu theluthi moja, huchelewa kushtuka, na akisumbuliwa usiku hulegea mchana. Konyeza hana ubongo, ana wavu wa neva tu. Usingizi ulikuwepo kabla ya ubongo. Ukitaka zombi asilale, tafuta sababu nyingine.

Hatua ya 3: Chagua mahali palipoharibika

Hapa usikimbie, kwa sababu maradhi ya kweli yameshakufanyia nusu ya kazi.

Mwaka 1917, huko Vienna, daktari Constantin von Economo alieleza ugonjwa wa kuvimba ubongo uliokuwa ukienea. Baadhi ya wagonjwa walilala kupita kiasi, wengine hawakuweza kulala kabisa. Alipochunguza maiti aliona kwamba waliolala mno waliharibika sehemu ya nyuma ya haipothalamasi (kipande kidogo chini ya ubongo), na waliokesha waliharibika sehemu ya mbele. Ugonjwa mmoja, kiungo kimoja, hatima mbili zinazopingana. Kwa mwandishi hiyo ni dhahabu: mlipuko mmoja unaweza kukupa makundi mawili, wale waliojaa vyumbani wamelala, na wale wa barabarani wasiolala. Mashujaa watajuaje aliyeng'atwa ataangukia upande gani?

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, huvuruga saa ya mwili vimelea vinapofika kwenye ubongo: mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku. Aina ya Afrika Mashariki huenda kasi, kwa wiki au miezi, na ile ya Magharibi huchukua hata miaka. Kati ya 1900 na 1920 ugonjwa huu uliua watu wanaokadiriwa 250,000 nchini Uganda, hasa kandokando ya Ziwa Viktoria. Zombi wa namna hii ana ratiba, na ratiba inaweza kuchorwa kwenye ramani: kijiji kinapitika saa sita mchana, si saa sita usiku.

Kwa zombi asiyelala kabisa, soma juu ya ugonjwa wa prioni (protini iliyojikunja vibaya) unaorithiwa katika familia chache na kuharibu thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo. Mgonjwa hupoteza usingizi hatua kwa hatua, huona maruweruwe, hukonda, na kwa kawaida hufariki kati ya miezi 7 na 36. Tena wapo panya wa maabara ya Chicago, waliozuiwa kulala katika miaka ya 1980. Walikufa ndani ya siku 11 hadi 32. Kabla ya kufa walikula kuliko kawaida na bado wakakonda, wakatoka vidonda mkiani na miguuni, na joto la mwili likashuka.

Soma sentensi hiyo tena. Njaa isiyoshiba, mwili unaokonda, vidonda, ngozi ya baridi. Huyo ni zombi, na kilichomfanya hivyo ni kukosa usingizi tu. Ushauri wetu kwa mgonjwa asiyelala ni huu: usieleze njaa yake kwa kirusi na kutolala kwake kwa sababu nyingine. Fanya kutolala kuwe chanzo cha njaa. Utaokoa ukurasa mzima wa maelezo, na msomaji ataanza kuogopa usiku wake mwenyewe.

Usizidishe mipaka, hata hivyo. Mwanafunzi wa miaka 17 wa San Diego, Randy Gardner, alikaa macho saa 264 mwishoni mwa 1963 na mwanzo wa 1964. Alikuwa na hasira, alisahau, aliona visivyokuwepo, lakini alizungumza na kutembea, na hakung'ata mtu. Siku kumi na moja bila usingizi zinakupa mtu aliyevurugika. Zombi anahitaji zaidi ya hapo.

Kuna njia ya katikati ambayo waandishi wachache wameitumia. Pomboo hulala nusu ya ubongo kwa zamu. Na pengwini wa Antaktika wenye mstari mweusi kidevuni, wakati wa kulinda viota, husinzia sekunde nne nne, zaidi ya mara 10,000 kwa siku, jumla ikazidi saa 11. Kundi la mazombi linaloweza kufanya hivyo halisimami kamwe. Lakini mtazamaji mvumilivu juu ya paa ataona: mmoja kichwa kinashuka, hatua inakatika, kisha anaendelea, halafu wa pili yake, halafu wa nyuma. Akihesabu sekunde, amepata mwanya.

Zombi wa kuvu ana hesabu yake. Kuvu wa jamii ya Ophiocordyceps humpandisha sisimizi hadi kwenye jani, mara nyingi sentimita 25 hivi kutoka chini, na kumfanya aling'ate kwenye saa za mchana. Seli zake zilikutwa zimezagaa kwenye misuli ya sisimizi, si ndani ya ubongo. Kwa hadithi, maana yake ni kwamba dereva na gari ni wawili. Mtu anaweza kuwa amelala fofofo, anaota, huku miguu yake ikiendeshwa na mwingine. Anapoamka mdomo ukiwa umejaa, hapo ndipo penye sura yako bora.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mafuta

Chukua mgonjwa wa kilo 70 mwenye kilo 15 za mafuta mwilini. Kilo moja ya mafuta ya mwili hutoa takriban kilokalori 7,700, kwa hiyo akiba yake ni 115,500. Akiwa ametulia anatumia kama 70 kwa saa, na akitembea mwendo wa kawaida kama 210. Tuseme hapati chakula.

- Anatembea saa 24: anachoma 5,040 kwa siku, anamaliza akiba siku ya 23.
- Anatembea saa 16, ametulia saa 8: 3,920 kwa siku, siku 29.
- Anasimama kimya na kutembea saa 2 tu akisikia kelele: 1,960 kwa siku, siku 59 hivi.
- Kama hiyo ya tatu, lakini akitulia mwili unashuka hadi robo ya matumizi, kama dubu wa nchi za baridi anapojificha msimu mzima: 805 kwa siku, zaidi ya siku 140.

Angalia pengo. Saa nane za kupumzika zinaongeza wiki moja tu. Kinachogeuza mlipuko wa mwezi mmoja kuwa wa miezi mitano ni kusimama karibu siku nzima huku mwili umezimwa. Kwa hiyo kama hadithi yako inaruka hadi "miezi minne baadaye" na mitaa bado imejaa, mazombi wako lazima wawe wa kuzima na kuwaka, wapende wasipende. Na kuzima namna hiyo si usingizi: baadhi ya wanyama wakitoka humo hulala kwanza, kana kwamba walikuwa wakikesha.

Kosa la kawaida hapa ni maji. Mtu hai bila maji hufa baada ya siku tatu hivi, muda mrefu kabla mafuta hayajaisha. Mafuta yakiungua mwilini hutoa takriban lita moja ya maji kwa kila kilo, na kiasi hicho kinamtosha aliyezima, hakimtoshi anayetembea juani. Waweke mazombi wako kwenye mito na mifereji, au waache wanywe madimbwi.

Kosa la pili ni joto. Ukimfanya asitoe jasho ili kuokoa maji, kutembea kutampandisha joto kwa zaidi ya nyuzi tatu kwa saa kama hewa nayo ina joto la mwili. Mchana wa Dodoma atapikika kwa ndani. Hiyo ni sababu safi, isiyo na uchawi, ya mazombi kukaa kivulini hadi magharibi.

Hatua ya 5: Hesabu ya barabarani

Zombi anayekwenda kilomita 3 kwa saa bila kulala anamaliza kilomita 72 kwa siku. Mtu mwenye mzigo akienda kilomita 5 kwa saa kwa saa 8, anamaliza 40. Wakitoka Dar es Salaam pamoja saa 12 asubuhi, mtu atapiga kambi saa 8 mchana, kilomita ya 40. Zombi atafika kambini saa 1 na dakika 20 usiku. Mtu amelala saa tano tu.

Gawa 40 kwa 3 upate mpaka wako: saa 13 na dakika 20. Zombi akitembea zaidi ya hapo kila siku, mtu wa miguu ameshindwa hata kama anakwenda haraka zaidi. Kwa hiyo ukitaka familia yako ifike Morogoro, umbali wa kilomita 190 hivi, zombi lazima asimame angalau saa 10 na dakika 40 kwa siku. Mchana wa jua kali, kama tulivyoona, ni karibu saa 12. Hesabu mbili zimekutana, na huo ndio mlipuko uliosimama kwa miguu yake.

Hatua ya 6: Walinzi

Usiku wetu wa karibu na Ikweta ni saa 12 mwaka mzima, toka saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Watu wanne wakigawana, kila mmoja analinda saa 3 na kulala saa 9, mradi asikatizwe. Mzunguko mmoja wa usingizi ni kama dakika 90, kwa hiyo zamu ya saa 3 inamwacha mwenzako amalize miwili. Aliyeamshwa ghafla huwa mzito kwa dakika 15 hadi 30, basi mlinzi mwenye akili humwamsha wa zamu inayofuata nusu saa mapema. Mlinzi mjinga hampi nafasi hiyo, na ndiye atakayekupa tukio la sura ya tano.

Zamu mbaya ni ya saa 9 hadi saa 11 usiku, wakati joto la mwili limeshuka chini kabisa. Na mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Akifika saa 24, hesabu ni kama asilimia 0.10. Mashujaa wako wakikesha siku tatu huku wakilenga shabaha bila kukosa, umesahau kwamba wao ndio wenye usingizi.

Hatua ya 7: Chunga neno lenyewe

Mwisho ni ufundi wa lugha. Kwa Kiswahili "amelala" linabeba mambo mengi: yuko usingizini, yuko mlalo, amelala huko (yaani usiku ulimkuta kwa fulani, hakurudi), na kwa heshima, amefariki. Kwenye simulizi lako mwenyewe ondoa utata: andika "alisinzia", "alizubaa", "alijilaza". Lakini kwenye mazungumzo uache. Mtoto anapanda kutoka chini, anaulizwa babu yuko wapi, anajibu, "Amelala." Wakubwa wanne wanatazamana, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuuliza ni kulala kupi.